Usaili wa urubani: anza na daftari lako mwenyewe

Wasaili wakishakaa, kitu cha kwanza wanachokivuta mbele yao mara nyingi ni daftari lako la saa za kuruka. Mmoja anafungua ukurasa wa mwisho, anatazama jumla, kisha kidole kinapanda taratibu kutafuta uliruka lini mara ya mwisho, ndege gani, kutoka wapi kwenda wapi. Halafu linakuja swali linaloonekana jepesi: "Tarehe hii uliruka Arusha kwenda Seronera kwa Caravan. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo ngapi?" Hapo ndipo wanapobabaika hata waliofaulu mitihani yote ya nadharia kwa alama za juu.

Kuna mafaili ya maswali yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya marubani, mengine yana maswali mia tano na zaidi. Vijana wanayameza usiku na mchana. Sisemi hayana faida, ila naona yanawapeleka watu pasipo. Msailiwa anajua jina la kila tabaka la angahewa, lakini hajui kwa nini ndege aliyoiruka wiki iliyopita ina kitenganisha vumbi. Jopo linajua huna saa nyingi. Linachotaka kuona ni kama kile kidogo ulichokigusa ulikielewa. Kwa hiyo matayarisho yaanzie kwako: karatasi zako, ndege yako ya mwisho, kisha hesabu, kisha mengine.

Haya yanamhusu zaidi mwenye leseni ya urubani wa biashara na saa kati ya 200 na 1,000, anayetafuta kazi ya kwanza kwenye Caravan, au kiti cha kulia (cha msaidizi wa kapteni) cha ATR au Q400, ndege za abiria za propela mbili, hapa Dar, Nairobi, Mombasa au Entebbe.

Karatasi

Tenga siku mbili, chukua kikokotoo, ujumlishe daftari upya tangu ukurasa wa kwanza. Kila safu peke yake: saa zote, saa ukiwa kiongozi wa ndege, saa za injini mbili, saa za usiku, saa za kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje). Saa za simuleta zikae mahali pake, zisiingie kwenye jumla ya saa za angani. Kosa la saa 1.3 kwenye ukurasa wa 14 hubebwa hadi ukurasa wa mwisho, na msaili mzoefu hulipata kwa dakika tano. Ukilikuta, usifute wala usipake wino mweupe. Piga mstari mmoja, andika namba sahihi pembeni, weka saini na tarehe.

Kisha linganisha na fomu ya maombi. Fomu ikisema saa 247 na daftari likisema 243.8, wewe utaona ni tofauti ndogo. Jopo linaona mtu ambaye kesho ataandika uzito wa mafuta kwa kukadiria.

Leseni, kibali cha kuruka kwa vyombo, cheti cha afya cha daraja la kwanza ambacho kwa kijana hudumu miezi 12, cheti cha ufasaha wa Kiingereza: kagua tarehe ya kila kimoja. Kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, daraja la 4 la Kiingereza hupimwa tena kila baada ya miaka 3, la 5 baada ya miaka 6, na la 6 halirudiwi. Kama ulisomea Afrika Kusini au Marekani na leseni yako ni ya huko, anza mapema utaratibu wa kuibadilisha kwa mamlaka ya nchi unayoomba kazi. Tuna CASSOA pale Entebbe, wakala wa usalama wa anga unaooanisha kanuni za Afrika Mashariki, lakini leseni bado hutolewa na nchi. Na jambo dogo linalochelewesha wengi: jina la cheti cha kidato cha nne lisipolingana na la pasipoti, hati ya kiapo iwe ndani ya faili kabla hujaitwa.

Kama uliwahi kufeli jaribio la kuruka, litaulizwa. Sema ulifeli nini, ulirudia mazoezi gani kwa saa ngapi, ukafaulu lini. Sentensi tatu zinatosha. Anayeficha hugundulika kirahisi kwa sababu kumbukumbu zipo mamlakani na kwenye chuo, na marubani wa ukanda huu wanajuana.

Ndege uliyoiruka mwisho

Tuchukue Caravan, yaani Cessna 208B, kwa sababu ndiyo ndege ya kazi ya kwanza kwa wengi wetu. Jibu la lile swali la uzito ni ratili 8,750, sawa na kilo 3,969. Lakini jopo haliishii hapo. Litakupeleka kwenye injini, PT6A-114A ya nguvu za farasi 675, na kukuambia: "Tueleze hewa inapita wapi."

Hili ni swali zuri kwa sababu injini yenyewe imekaa kinyume na watu wanavyodhani. Hewa inaingia kwa mbele ya boneti, lakini inaingia ndani ya injini kwa nyuma. Inasukumwa na hatua tatu za kompresa za mhimili na moja ya mzunguko, inafika kwenye chumba cha kuchomea, inachanganyika na mafuta, inawaka, halafu inaelekea mbele. Inapita kwanza kwenye tabini inayozungusha kompresa, kisha kwenye tabini nyingine inayozungusha propela kupitia giaboksi. Moshi unatokea mbele, karibu na propela. Tabini hizo mbili hazijaunganishwa kwa chuma. Kinachoziunganisha ni gesi tu. Ndiyo maana injini ikiwa imezimwa unaweza kuisukuma propela kwa mkono na ikazunguka kwa wepesi, huku kompresa imetulia. Ukiweza kuieleza njia hiyo ukiichora kwenye karatasi nyeupe, kwa dakika mbili, huna haja ya kutaja lolote la ziada.

Swali linalofuata ni la kuwasha. "Umebonyeza stata, Ng (kasi ya kompresa) imefika asilimia 12, umefungua mafuta. Joto linapanda haraka kuelekea nyuzi 1,000, na Ng imekwama 25. Utafanya nini?" Jibu linakuja kwa mpangilio. Unakata mafuta papo hapo. Stata unaiacha iendelee kuzungusha ili hewa ipoze injini na kutoa mafuta na mvuke uliobaki, ukiheshimu muda wake: sekunde 30 kuzungusha, 60 kupumzika, 30 tena, 60 tena, 30 ya mwisho, kisha dakika 30 za kupumzika. Kikomo cha joto wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090, tena kwa sekunde mbili tu. Kikivukwa, unaandika ulichoona na muda wake, unamwita fundi, hujaribu tena.

Wengi wanaishia hapo, na ndipo wanapokosa alama, kwa sababu msaili anasubiri sababu. Mara nyingi ni betri dhaifu: chini ya volti 24 kompresa haizunguki kwa kasi ya kutosha, hewa inakuwa kidogo, mafuta ni yale yale, basi joto linapanda bila kasi kupanda. Pengine upepo mkali unapuliza kwenye bomba la moshi. Pengine rubani amefungua mafuta kabla Ng haijatulia. Anayejua sababu huangalia volti kabla ya kubonyeza stata, na huielekeza pua ya ndege kwenye upepo kabla ya kuzima injini ya safari iliyotangulia, akijua atawasha tena pale pale nusu saa baadaye.

Hivyo hivyo kwa kitenganisha vumbi kwenye viwanja vya changarawe. Ukikiweka kwenye nafasi ya kupitisha nje, hewa inalazimishwa kupinda ghafla. Mchanga na matone, kwa uzito wake, hayapindi, yanatupwa nje. Gharama yake ni nguvu ya injini inayopungua kidogo kwa joto lile lile. Swali litakuwa: je, ungekifungua wakati wa kuruka kwenye kiwanja kifupi chenye vumbi, ndege ikiwa imejaa? Hapo hupimwi kumbukumbu, unapimwa kama unaona kwamba unachagua kati ya mambo mawili, na kama utakumbuka kusema, "Nitafungua kwanza jedwali la urefu wa kurukia."

Ndege yako ya mwisho ikiwa Cessna 172 ya chuo, fanya kazi hiyo hiyo kwa 172. Usijidai na ATR ambayo hujaigusa. Ila kama kampuni inarusha ATR 72, ujue angalau injini ni za familia ya PW127 na propela ya aina za karibuni ina makafi sita. Kama ni Q400, injini ni PW150A. Kutojua kabisa ndege ya kampuni unayoomba kazi kunatafsiriwa kama kutojali.

Jambo moja la kujipima. Usaili utakuwa kwa Kiingereza, lakini wewe kaa na dada au mjomba ambaye si rubani, umweleze kwa Kiswahili kwa nini bawa linaacha kuinua ndege. Ukisema "kwa sababu ndege imeenda polepole," umekariri vibaya. Bawa linaacha kuinua pembe kati yake na hewa inayolijia inapozidi kiwango, hewa ikabanduka juu ya bawa. Na hilo linaweza kutokea kwa kasi yoyote, hata katika kona kali. Akikuelewa, basi na wewe umeelewa. Ukikwama ukakimbilia maneno ya kitabu kwa Kiingereza, hapo ndipo pa kurudi kusoma.

Hesabu za kichwani

Kikokotoo hakitakuwepo. Wasaili hawatafuti desimali. Wanataka usikike ukihesabu kwa sauti na ufike karibu.

Kushuka kwa pembe ya nyuzi 3: kila futi 1,000 zinahitaji maili 3 za baharini. Uko futi 20,000, unataka kufika 3,000. Unashusha futi 17,000, mara tatu ni maili 51. Ongeza maili moja kwa kila noti 10 (noti ni maili ya baharini kwa saa) unazotaka kupunguza. Kasi ya kushuka kwa dakika ni mwendo wako juu ya ardhi mara tano: noti 240 zinakupa futi 1,200 kwa dakika, noti 120 kwenye mkondo wa mwisho zinakupa 600. Kama upepo wa nyuma ni noti 30, sema mwenyewe kabla hujaulizwa kwamba utaanza kushuka mapema zaidi.

Nairobi hupendwa sana kwenye maswali, na ina haki ya kupendwa. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330. Mchana joto ni nyuzi 25. Je, ndege inajisikia iko futi ngapi? Kwenye angahewa ya kawaida usawa wa bahari ni nyuzi 15, na joto hupungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kwa futi 5,330 joto la kawaida lingekuwa nyuzi 4 na nusu hivi. Tumezidi kwa nyuzi 20. Kila nyuzi moja ni futi 120, hivyo ongeza futi 2,400. Tunapata takriban futi 7,800, tukichukulia mgandamizo wa hewa uko karibu na kawaida. Usiishie kwenye namba. Eleza maana yake: kasi ya kweli inazidi ile ya kwenye saa ya mwendo kwa kama asilimia moja na nusu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ukiondoa magurudumu saa hiyo ikionyesha noti 120, ndege inakimbia karibu 135 juu ya lami. Na injini imepoteza nguvu. Njia ndefu inahitajika kwa sababu hizo mbili kwa pamoja, na breki pia zitapata joto zaidi ukisitisha kuruka. Anayefika hapo kwa utaratibu huo amejibu maswali matatu kwa mpigo mmoja.

Kuhusu V1, kasi inayotamkwa ndege ikikimbia njiani kabla ya kuruka, jibu linalosikika kila siku ni "kasi ya kuamua". Halitoshi. Kufikia V1, hatua ya kwanza ya kusitisha iwe tayari imechukuliwa: mkono umeshavuta nguvu, mguu uko kwenye breki. Anayeanza kuwaza pale V1 inapotamkwa ameshachelewa, na lami iliyobaki haitamtosha. V2 nayo ni kasi ya usalama unayopaswa kuwa umeifikia ukiwa futi 35 juu ya njia huku injini moja imekufa.

Anga la kwetu

Utapewa ripoti ya hewa kwenye karatasi. Mfano wa kufanyia mazoezi:

HTMW 080300Z 14006KT 9999 -TSRA FEW018CB BKN020 20/18 Q1016

HTMW ni Mwanza. Kwanza saa. 0300Z (Z ni Zulu, yaani saa ya dunia, UTC) kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Anayesoma saa kwa Kiswahili ana njia ya mkato: saa yako ongeza tatu, unapata Zulu. Saa tisa alasiri ni 1200Z. Saa moja usiku, moja na tatu ni nne, yaani 1600Z. Pili, upepo wa nyuzi 140 kwenye ripoti umepimwa kwa kaskazini ya kweli, wakati ule anaokusomea muongoza ndege wa mnarani ni wa dira. Kwetu tofauti ni ndogo, lakini swali huulizwa hivyo hivyo. Tatu, na hapa wengi wanaanguka: futi 1,800 za mawingu ya ngurumo zinahesabiwa kutoka uwanjani, si kutoka baharini. Mwanza iko futi 3,763. Altimita yako ikiwa kwenye Q1016, mgandamizo wa hewa uliotajwa kwenye ripoti, wingu hilo utalikuta inaposoma zaidi ya futi 5,500.

Kisha watauliza kwa nini kuna ngurumo alfajiri, wakati vitabu vya ng'ambo vinasema ngurumo ni za alasiri. Jibu liko Ziwa Victoria. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji; upepo wa nchi kavu unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati juu ya maji yenye joto, hewa inapanda, mawingu yanajengeka usiku kucha. Asubuhi Entebbe, Bukoba na Mwanza ndizo zinazoyapokea. Alasiri mambo yanageuka, mvua inajengeka nchi kavu kandokando ya ziwa. Ongeza mawingu ya chini ya Nairobi asubuhi za Juni hadi Agosti, mvua za masika na vuli zinavyofuata ukanda wa pepo unaopita juu yetu mara mbili kwa mwaka, na upepo unaosukasuka nyuma ya Kilimanjaro na Meru. Ukiyaeleza hayo kwa sababu zake, umeonyesha kwamba unaijua njia utakayolipwa kuiruka.

Swali la mafuta halikosi, na hufungwa pamoja na hali hiyo hiyo. Tuseme uko juu ya Mwanza, ngurumo imekaa juu ya uwanja, una kilo 1,200, injini zinakula kilo 10 kwa dakika. Uwanja wa akiba ni Kilimanjaro, maili 255, mwendo noti 240. Utasubiri kwa muda gani? Safari ya akiba ni dakika 64, kilo 640. Akiba ya mwisho kwa ndege ya tabini ni dakika 30 ukiwa futi 1,500 juu ya uwanja, kilo 300. Jumla 940. Zimebaki 260, yaani dakika 26, na ndani yake utoe mafuta ya kupanda na ya kukaribia kutua. Jibu la mtu mzima ni: "Nasubiri dakika 15, nachukua hali ya hewa ya Kilimanjaro sasa hivi, na nawaambia abiria." Anayejibu dakika 26 amefanya hesabu sawasawa na amejiachia sifuri.

Hapo hapo wataulizia maneno mawili ya redio. "Minimum fuel" unaitamka ukishajifunga kutua uwanja mmoja na ucheleweshaji wowote unaweza kukushusha chini ya akiba ya mwisho. Haikupi kipaumbele, ni taarifa. "Mayday" mara tatu, ikifuatiwa na "fuel", unaitamka hesabu inapoonyesha kwamba hata kwenye uwanja ulio karibu kabisa utatua chini ya akiba hiyo. Kuyachanganya haya mawili kwenye usaili kunaumiza kuliko kukosea tabaka la angahewa.

Kapteni, na wewe

Sehemu hii ndiyo watu huijia mikono mitupu, wakidhani ni mazungumzo tu. "Tueleze wakati ulipotofautiana na mtu aliyekuzidi cheo." "Tueleze kosa ulilofanya angani." Andaa matukio sita ya kweli, yawe ya chuoni, ya kazini au hata ya timu ya mpira: kosa lako, mgogoro, uamuzi wa haraka, kushindwa, kumsaidia mwenzako, kufuata utaratibu ulipokuwa na haraka. Kila moja lieleze kwa dakika mbili: hali ilikuwaje, kazi yako ilikuwa ipi, ulifanya nini wewe (si "tulifanya"), ikaishaje, na kilichobadilika kwako baadaye. Matukio sita yakipangwa vizuri yanajibu karibu kila swali la aina hii. Na usilete kosa lisilo kosa, kama "huwa najituma kupita kiasi". Leta lile la kusahau kuhamisha tangi, au kusoma vibaya kimo ulichopewa, na eleza ulivyoligundua.

Kisha maswali ya dhana. Kapteni amefika akinuka pombe: unazungumza naye pembeni, faraghani, unamwambia ulichohisi na kumshauri ajitoe. Akikataa, ndege haiondoki na wewe ndani. Unampigia simu msimamizi wa operesheni kabla abiria hawajapanda. Hakuna jibu la katikati. Kapteni anashuka chini ya kimo cha maamuzi na njia haionekani: unatamka kupaa tena, kwa neno lililo kwenye kitabu cha kampuni. Hakujibu, unarudia kwa nguvu. Kimya cha pili unakichukulia kama mtu aliyezimia, unachukua usukani, unapaa.

Hapa malezi yetu yanaingia, na nadhani ni vizuri kulisema wazi. Tumekuzwa kumwamkia mkubwa, kutomkatiza, kutomkosoa mbele za watu. Ni adabu njema nyumbani na si ya kuiona aibu. Lakini ndani ya chumba cha marubani adabu hiyo ihamie kwenye sauti na maneno, isizuie ujumbe. "Kapteni, kasi imepungua noti 10" ni sentensi ya heshima. Kukaa kimya ndiyo kumkosea.

Ajali zinazoulizwa mara nyingi zinaonyesha hilo. Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili za 747 ziligongana kwenye ukungu na watu 583 wakafa. Mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani, na kapteni akaendelea kukimbia. Karibu na kwetu ni KQ507, ndege ya Kenya Airways, tarehe 5 Mei 2007, ilipotoka Douala usiku kuja Nairobi. Kapteni alitaka mfumo wa kujiendesha uwashwe, haukuwashwa, na hakuna aliyethibitisha. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia polepole, gizani, bila mtu kuangalia vyombo, hadi rubani akapoteza hisia ya upande upi ni juu. Wote 114 walifariki. Ukiulizwa umejifunza nini, usitaje "kukosa umakini". Taja kitendo: baada ya kubonyeza, unasoma kilichoandikwa kwenye kioo na kukitamka, na mwenzako anathibitisha, na mtu mmoja kati ya wawili anaangalia vyombo wakati wote. Zungumzia marehemu kwa staha. Huenda aliyekaa mbele yako aliwafahamu.

Simuleta

Huja siku hiyo hiyo au wiki inayofuata, mara nyingi kwenye ndege usiyoijua. Hawatarajii uijue. Kabla ya kukaa, omba namba: nguvu na mkao wa pua kwa safari ya kawaida, kwa kushuka, na kwa mkondo wa mwisho magurudumu yakiwa chini. Ziandike kwenye kipande cha karatasi na uziweke kwenye goti. Ukizipanga na kusubiri sekunde chache, ndege inatulia yenyewe. Anayekimbiza sindano huvuta, husukuma, huvuta tena, na kimo kinacheza futi 300 huku na kule.

Tarajia kuruka, kupanda, kona za nyuzi 45, kuzunguka kwenye kituo cha kusubiri, kukaribia kwa ILS (mawimbi ya redio yanayokuongoza hadi njia ya kutua) bila msaada wa mfumo wa kujiendesha, pengine injini moja kufa, na kupaa tena. Kosa la kawaida ni kutotumia trimu, kifaa kinachoondoa uzito kwenye usukani: mtu anashika usukani kwa nguvu dakika 40 nzima, mkono unachoka, na dakika za mwisho ndizo za ILS. La pili ni kusahau kwamba kuna mwenzako pembeni. Mwombe asome chekilisti, mwombe aweke masafa, mwambie unachokusudia. Ukikosea kimo, sema "nimezidi futi 150, narudisha" na urudishe. Wanaandika kosa lililotokea, na wanaandika pia lilichukua sekunde ngapi kuonwa.

Kwa mazoezi, saa mbili kwenye simuleta ya chuo chochote zinatosha kuamsha macho, ukizitumia kuruka kwa vyombo vitupu na si kutalii.

Mwisho watakuuliza kama una swali. Usiulize mshahara kwanza, na usiseme huna. Uliza juu ya mkataba wa kufidia mafunzo, maana karibu kila kampuni inayokupa kibali cha kurusha ndege mpya itakufunga nao. Uliza gharama imeandikwa dola ngapi, inakufunga miaka mingapi, na kama deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi au linabaki lote hadi siku ya mwisho. Kwa mkataba wa dola 30,000 wa miaka 3, anayeondoka baada ya miezi 18 anadaiwa 15,000 kwenye mkataba wa kwanza na 30,000 kamili kwenye wa pili. Uliza pia nini kinatokea kampuni yenyewe ikikupunguza kazi, na omba kuuona mkataba huo nyumbani, kwa siku mbili, kabla hujatia saini.